Dobi mwandishi aliyenyimwa salamu na kaka yake

Saa moja asubuhi chumba cha dobi kimeshajaa mvuke. Ndani yake watu wawili wanapiga pasi wakiwa wamepeana migongo: dada wa miaka thelathini na minne, na kaka yake anayemzidi miaka tisa.

"Wifi, mwambie kaka mashati ya hoteli yanachukuliwa saa nne," anasema dada.

"Mwambie nimesikia," anajibu kaka.

Wifi, mke wa kaka, anayepokea nguo dirishani, hapeleki ujumbe wowote. Wote wamesikia.

"Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime," anasema. "Mimi shamba sina, nina dirisha hili tu."

Huu ni mwezi wa saba wanaishi hivyo, na chanzo ni hadithi fupi.

Dada huyu ameandika kwa miaka sita, kwenye yale makaratasi magumu yanayowekwa ndani ya shati lililokunjwa. Majarida yalimkatalia hadithi kumi na saba kabla ya kuikubali ya kwanza. Sasa zimetoka tano, ya tano ikashinda tuzo, na mchapishaji anataka kutoa kitabu chake. Malipo hayajamtoa kwenye pasi. Yamemnunulia pasi mpya.

Waliobadilika ni watu. "Wateja siku hizi wanakagua mifuko mara tatu kabla ya kuniachia nguo," anasema. "Mmoja kaleta shati lenye doa la wino, akanipa na maelezo ya doa lenyewe, eti nisije nikabuni yangu."

Lakini hadithi iliyoshinda haikubuniwa sana. Inamhusu dobi kijana asiye na shati la maana, anayevaa la mteja siku ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe. Mtaa mzima ulijua dobi huyo ni kaka. Hata mkewe alijulia humo jaridani.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema wifi. "Baba yangu alilisifia sana shati lile. Kumbe tulikuwa tunamsifu mtu mwingine."

Kaka hakucheka. Ndiye aliyemlea mdogo wake walipofiwa na wazazi, akamsomesha kwa kazi hiihii. Na kwa dobi, kuvaa nguo ya mteja ni aibu kubwa. Wateja watatu walihama. Jarida lenyewe hakuligusa. Alitosheka na ya kuambiwa, akafunga mdomo. Ni vigumu kumlaumu.

Mchapishaji anataka jibu Ijumaa: hadithi hiyo iwemo, la sivyo hakuna kitabu. Dada ameshaamua kwamba kaka akikataa, ataiondoa na kitabu kikose.

"Kitabu nitaandika kingine," anasema, machozi yakimlengalenga. "Kaka nitamtoa wapi?"

Mchana, mashati ya hoteli yakiwa yameshaondoka, anachukua jarida na kuanza kusoma kwa sauti. Kaka anaendelea na suruali moja iliyokwisha kunyooka zamani. Dada anapofika kwenye shati, kaka anaiweka pasi pembeni.

Hadithi inakwisha.

"Waliniambia umeniita mwizi," kaka anasema mwishowe, na kwa mara ya kwanza anageuka.

"Ningeanzia wapi, kaka?"

"Ila hujaimaliza. Umeandika nililivaa, hukuandika nililirudisha. Nililifua mara mbili. Na kifungo cha mkononi, mteja alilileta halina, nikakishona mimi."

"Hicho kifungo sikukijua."

"Ungekijuaje? Hukuniuliza."

Dada anajifuta machozi kwa shati la mteja. Wifi anamnyang'anya haraka kabla hajaliharibu.

Sasa dada anatumaini kuipeleka hadithi Ijumaa ikiwa na ukurasa mmoja zaidi, na kitabu kitoke. Kaka ametoa sharti moja tu: ukurasa huo asomewe kwanza yeye.