Kisima Kilichoingia Chumvi

Nakumbuka maji ya Kudha, kisiwa chetu kule kaskazini mwa pwani hii, mwanangu, matamu hata ukayanywa bila kiu. Jana tulipokuwa tukitazama habari za Wapalestina, wale akina mama waliopanga madumu juani ilhali ng'ambo ya ua bustani za wengine zimelowa, ulishangaa kuniona nikiinuka na kutoka. Nilikuwa nimemkumbuka mama yangu.

Vita vilipofika kisiwani, watu wenye bunduki walikishika kisima cha maji matamu. Sisi wenyeji tuliachiwa kile cha karibu na ufuo, ambacho maji yake ya chumvichumvi tulizoea kuoshea vyombo tu. Ndiyo tukayanywa. Mama alikuwa mgonjwa, tumbo halitulii, na alichotamani ni kikombe kimoja cha maji ya kisima alichochimba baba yake. Nilikwenda kumwombea kikombe hicho, nikafukuzwa.

Maji matamu ya visiwa vyetu ni machache, mwanangu. Chini ya ardhi yamelala juu ya maji ya bahari, na ukiyavuta kwa pupa chumvi hupanda. Ndiyo maana sisi tuliyateka kwa kata, polepole, na wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, tulikiacha kisima kipumzike. Wale hawakulijua hilo. Walileta pampu ikanguruma kutwa.

Shangazi yangu Mwanaesha alifurahi. "Waache wavute! Wakikutana na bahari humo chini, watajua wameingia kwa nani."

Mama akajiinua kitandani. "Wifi, una wazimu? Kikiingia chumvi, wao watapanda mashua waende zao. Wewe utakunywa nini?" Akanigeukia. "Nenda kawaambie wazime."

"Mama, hawa wamekunyima kikombe!"

"Najua. Mwenye kiu ni mimi. Nenda."

Nikaenda, nikawaeleza kwa Kisomali, lugha yao. Mkubwa wao akacheka. "Mama yako amekosa maji, sasa anatutisha na bahari?" Mwenzake akachota ndoo akanimwagia, wote wakaangua kicheko.

Sikujifuta. Nilikimbia nyumbani na leso yangu imelowa, nikaikamua midomoni mwa mama. Akameza. Akafumba macho kwa muda.

"Bado ni matamu," akasema. "Rudi ukawaambie tena."

Nilirudi. Hawakunisikiliza. Mama alifariki pampu ikinguruma, na haukupita muda mrefu kisima kikaingia chumvi. Wale watu wakaondoka na mashua zao. Shangazi alionja kile kisima, akatema, akakaa chini akalia. Nasi tukakimbilia huku Mombasa, kwa sababu mtu huvumilia mengi, lakini bila maji hakai.

Hapa mchuuzi huniletea madumu mlangoni, nami hushukuru. Ila kila ninapoinua kikombe, ulimi wangu hutafuta maji mengine.

Sikiliza basi, mwanangu. Ukinyimwa maji yaliyo haki yako, yadai, na usione haya kurudi kuyadai. Ila usiombe kisima kiharibike ili aliyekunyima akose. Na wewe ukipata bomba lako, jirani akigonga usimuulize kabila lake wala alikotoka. Mpe anywe kwanza.

Mola asikulaze na kiu, wala asimlaze nayo mtoto wa mtu yeyote karibu nawe. Naye amnyweshe mama yangu huko aliko. Amin.