Ng'ombe Aliyemsubiri Mzee Luhende

Ng'ombe alifungwa nyuma ya kanisa, Sengerema, tangu asubuhi, na mpaka alasiri hakuna aliyemgusa. Kesho yake Rachel angewekewa mikono awe mchungaji. Kuni zilikuwa zimepasuliwa, akina mama wanachambua mchele huku wakitazamana.

"Mwinjilisti," Nestory, mzee wa kanisa, alimuuliza Rachel huku akinoa panga, "huyu tunamchinja au tunamlea?"

Wanawake wakaangua kicheko. Rachel naye akacheka, ila macho yake yalikuwa barabarani, upande wa Busisi, inakotokea njia ya ng'ambo ya ziwa.

"Atachinja baba."

"Baba yako Mwislamu, na hajakanyaga kwako tangu ubatizwe. Mimi mikono ninayo."

"Ukichinja wewe, ndugu zangu watakaa pembeni na soda zao. Nitakuwa nimewafukuza mwenyewe."

Alizaliwa akiitwa Zaituni, huko Kirumba, ng'ambo ya ziwa, binti wa Mzee Luhende, mchinjaji ambaye harusi nyingi za mtaa ule, za Waislamu na za Wakristo, zilianza na kisu chake. Alipobatizwa, mzee hakumpiga wala hakumlaani. Alisema tu, "Kwako sili tena," na kweli hakula.

Neno hilo Rachel alikwenda nalo hadi pwani ya kusini, kanisa lilikomtuma kuhubiri katika mji wenye misikiti kila upande. Huko alifundisha wanawake kusoma, akakesha kwenye misiba yao. Aliyemuuliza habari za Yesu alimjibu, asiyeuliza alimsalimu. Ramadhani hakuwasha jiko mchana. Krismasi alimwita imamu, jirani yake, amchinjie mbuzi, wakala sinia moja. Waliobatizwa hawakujaza benchi, lakini siku ya kuondoka mtaa mzima ulimsindikiza stendi.

Jua lilikuwa limeanza kushuka bajaji iliposimama. Akatoka mzee mwenye kanzu, kisu amekifunga kwenye kitambaa.

"Shikamoo, baba," Rachel alisema.

"Marahaba. Sikuja kanisani, nimekuja kwa ng'ombe."

"Nilidhani hutakuja."

"Zamani ningesingizia kivuko. Sasa daraja lipo, uongo umeniishia." Akaanza kufungua kitambaa cha kisu. "Na yule imamu wako alinipigia simu, anajisifu alivyokula kwako. Nikajiuliza: watu baki wanakula kwa mwanangu, mimi nakula wapi?"

Nestory akainua panga. "Mzee, hata hili lina makali."

"Hilo la migomba. Wewe shika miguu."

Walimlaza ng'ombe akielekea Kibla, kaskazini, ziwani. Mzee alipotaja jina la Mungu, wanaume wa kanisa walivua kofia bila kuambiwa.

Jumapili, wakati wa ibada, Mzee Luhende alikaa nje kivulini akilinda masufuria. Watu walipotoka, Rachel alipita katikati yao na kola yake mpya nyeupe, birika mkono mmoja, beseni mkono mwingine, akapiga magoti mbele ya baba yake. Mzee akaitazama ile kola kwa muda, kisha akanyoosha mikono.

"Haya, Zaituni. Ninawishe. Nyama inapoa."

Sinia lilipowekwa mbele yake, akamega tonge la ugali, akachovya mchuzi, akala. Vigelegele vilipasuka mpaka kunguru wakaruka kutoka paani, na mchungaji mpya akajisahau, akaendelea kumimina maji, beseni limejaa, yanafurika magotini mwake, anacheka.