Shangazi na Mashavu Mekundu

Watoto wa kituo cha kulelea watoto mchana walimwita Shangazi, ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja kati yao. Alikuwa amelea watoto wa watu kwa miaka kumi na tisa, na miguu yake ingekuwa na ulimi, ingeomba kustaafu zamani. Kila asubuhi alisimama mlangoni na daftari la mapokezi. Mtoto hakupokelewa kabla ya kutazamwa viganja, kinywa, masikio na magoti, na kila mchubuko uliandikwa, ili jioni mzazi asije akasema mwanawe ameumizwa kituoni.

Jumatatu moja aliletwa mtoto wa miaka minne, mmoja wa wale wa kila siku, mweupe wa rangi, mashavu yote mawili yamewiva. Mama yake, mwanamke wa miwani mwenye haraka zake, alikwisha kugeuka kuondoka. Shangazi akayagusa mashavu. Ya moto. Mtoto mwenyewe hakuwa na homa wala kilio, alitaka tu matofali yake ya kuchezea. Shangazi akaandika: "Amekuja amepigwa makofi, kulia na kushoto."

Jioni mzazi husoma kabla ya kutia sahihi. Mama wa miwani akasoma mara mbili, wazazi wengine wakingoja zamu nyuma yake.

"Shangazi, nani kampiga mwanangu?"

"Ningekuuliza wewe, mama."

"Mimi? Huyu sijawahi kumkunja hata sikio!"

"Mashavu hayajipigi yenyewe, dada yangu."

"Umenivua nguo mbele za watu," yule mama akasema, akamshika mwanawe mkono na kuondoka bila kutia sahihi.

Shangazi hakuwa na nguvu za kumfuata. Akili yake ilikuwa kwa binti yake wa miaka tisa, aliyeitwa Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyokuwa na breki. Chiriku alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa kurithi unaofanya chembe za damu zipinde na kufa mapema. Wawili hao waliishi peke yao, kwa hiyo alasiri akitoka shule alikuja kituoni kumsubiri mama yake, akawasomea wadogo hadithi, wamemkalia mpaka mapajani. Tangu juzi alikuwa na homa. Jioni ile hakusoma. Alijilaza kwenye mkeka, na walipofika nyumbani akasimama chini ya ngazi.

"Mama, leo ngazi zimeongezeka."

Shangazi akamfunua kope. Ndani palikuwa peupe kabisa. Hawakupanda.

Hospitalini kipimo kilisoma damu tatu na nusu, wakati kawaida yake ni nane. Daktari, msichana mwembamba ambaye angeweza kuwa binti yake wa kwanza, aliirudia karatasi ya maabara, kisha akavuta kiti.

"Mama, damu yake haijamwagika popote. Kiwanda ndicho kimefunga. Kuna kirusi kinaitwa parvo, kinaingia kwenye uboho wa mifupa, pale damu inapotengenezwa, na kuisimamisha kazi. Mimi na wewe tusingejua, damu yetu inaishi miezi minne. Yake haimalizi hata mwezi. Kiwanda kikilala wiki moja, ghala linabaki tupu."

"Amekitoa wapi?"

"Kwa watoto, mara nyingi. Kuna mtoto karibu yake aliyewiva mashavu, kama mtu aliyezabwa makofi?"

Shangazi akaiona tena sentensi yake ya daftarini.

"Yupo," akasema. "Nilimwona leo asubuhi. Ningemrudisha nyumbani..."

"Usingesaidia kitu. Mashavu yakishawiva, huyo haambukizi tena. Aliambukiza wiki iliyopita, akiwa na mafua tu."

Mafua. Nusu ya kituo ilikuwa na mafua. Miaka kumi na tisa ya kukagua viganja na masikio, na kitu chenyewe kilipita mlangoni kikipenga kamasi.

Asubuhi, chupa ya kwanza ya damu ikidondoka tone kwa tone, alimpigia simu mkuu wa kituo.

"Mwambie yule mama wa miwani nilikosea. Mwanawe hakupigwa. Nitamwomba radhi mwenyewe, mbele ya walewale waliosikia."

"Atakutafuna."

"Anitafune. Na mpishi wetu, na ile mimba yake, aende kliniki leo hii. Daktari anasema kirusi hiki kinaweza kummalizia damu mtoto aliye tumboni."

Kilichobaki kilikuwa kungoja. Damu ya kuongezewa ni ya kuazima, daktari alisema. Kiwanda lazima kiamke chenyewe. Kila asubuhi walimtoboa Chiriku kidole wakitafuta chembe changa za damu, dalili kwamba kiwanda kimeanza kazi. Jumatano, sifuri. Alhamisi, sifuri. Ijumaa wakamwongezea chupa ya pili. Shangazi alilala ameketi, akaoga kwa kopo, akajifunza kukisia jibu kwa mwendo wa daktari akiingia wodini.

Jumapili aliamka vidole vimevimba kama ndizi, viganja na magoti vikikataa kukunjika. Akadhani ni kiti. Hakumwambia mtu, mgonjwa mmoja alitosha.

Jumanne daktari aliingia kwa mwendo uleule wa siku zote, akasimama miguuni pa kitanda.

"Zimeonekana. Chembe changa, tena nyingi. Kiwanda kimeamka."

Shangazi alitaka kupiga vigelegele, akapata pumzi tu. "Kitarudi?"

"Hiki? Hapana. Mtu akikipata mara moja, mwili unakikumbuka. Selimundu ndiyo mtaendelea nayo." Kisha akatazama mikono ya Shangazi iliyolala juu ya shuka. "Na hiyo tangu lini?"

"Juzi. Uzee."

"Si uzee. Ni kirusi kilekile, wakubwa kinawashika viungo. Itakuchukua wiki, pengine miezi, lakini itaisha. Kesho saa moja asubuhi nitawaruhusu."

"Saa moja?" Shangazi akajaribu kukunja ngumi, ikagoma nusu njia. "Daktari mwanangu, tufanyie saa tano. Kabla ya hapo viungo havijalainika, siwezi hata kuvaa viatu."