Majivu Yaliyozikwa Barabarani

Kazi yangu ni majivu. Wengine hapa Baraka huuza ndagala, dagaa wa ziwani, wengine hufundisha hesabu. Mimi hupiga picha vitu vilivyoungua, nikavihesabu, nikaandika vimeunguaje, ili kampuni ya bima ijue kama italipa au itakunja mikono. Si kazi ya kumpatia mtu marafiki. Mwenye duka akiniona nimepiga magoti kwenye masizi yake, nanusanusa kama mbuzi, hudhani nimekuja kumnyima. Mara nyingi hakosei.

Nina hasira za karibu, nakiri, na kitu kimoja huziwasha kuliko vyote: mtu kugusa majivu kabla yangu. Nguzo iliyoungua, kufuli lililoyeyuka, bati lililojikunja, vyote husema moto ulianzia wapi. Ukivihamisha vinakuwa takataka tu. Nimelihubiri hilo kila mahali, hadi misibani, na watu hunitikisia vichwa kwa adabu, kisha hufanya wanavyotaka.

Basi mama fundi mmoja akaunguliwa na nyumba yake ya kushonea, karibu na soko. Ni mjane. Alikuwa na mashine nne za kushona, na wasichana wanne waliojifunza kwake. Tena ni miongoni mwa watu wachache mjini waliokata bima kwa hiari yao. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikia mkataba, na nilijivuna kwa hilo. Ili alipwe, ilinipasa nizione mashine zilizoungua kwa macho yangu, na nieleze moto ulisababishwa na nini. Bila hivyo hapati mashine nyingine, anarudi kulima mihogo katika mashamba ya watu.

Moto ulipotokea nilikuwa Misisi kwa faili jingine, na mvua ikanifungia huko. Pikipiki ilizama kwenye tope mara tatu. Nilifika Baraka siku ya nne, udongo mpaka kwenye nyusi, nikaenda moja kwa moja kwake.

Nilikuta uwanja. Tangu nianze kazi hii sijaona mahali pasafi vile. Kuta za matofali zilikuwa zimesuguliwa, na sakafu imefagiwa hadi mistari ya ufagio inaonekana. Katikati wameniwekea kiti na meza ndogo yenye kitambaa cha maua. Akina mama wa kanisa lake, kama ishirini hivi, walijipanga mstari wakiimba.

"Karibu, papa ya asiransi!" akasema kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti inayofika ziwani. "Tulipiga salongo siku mbili. Mugeni hawezi kukuta buchafu."

Papa ya asiransi, yaani baba wa bima, nilikaa kwenye kile kiti.

"Majivu iko wapi?"

"Tulitupa."

"Na mabati? Na mamashini?"

"Yote, papa. Hakukubakia hata kamusumari."

Wakasubiri niwasifu. Wema hauozi, wahenga walisema, lakini huu ulishaanza kunuka. Nilipiga kelele. Nilisema mambo juu ya salongo, hiyo kazi yetu ya pamoja ya kusafisha, ambayo siwezi kuyarudia, maana nami huenda kanisani Jumapili mbili kwa mwezi. Mama fundi alisimama pembeni, kitenge amekifunga kifuani. Nilimwambia kwamba bila mashine zile sina cha kuandika, na nisipoandika hapati kitu. Akajibu tu, "Ndiyo, papa," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. Hilo likanikera zaidi.

Hatimaye kiongozi akanyoosha kidole kuelekea barabarani. Huku kwetu salongo haijaisha mpaka shimo fulani lizibwe, na mbele ya nyumba ile palikuwa na shimo ambalo wakati wa mvua bata walilihesabu kuwa mali yao. Akina mama walikuwa wamemwaga humo duka zima la mama fundi, wakashindilia udongo juu. Kwa siku mbili pikipiki zilipita juu ya ushahidi wangu, na madereva walishukuru sana.

Niliomba jembe nikaanza kuchimba.

"Papa, juu ya nini unaharibu barabara?" dereva mmoja wa pikipiki akaniuliza kwa uchungu. "Ni Leta njo ilikutuma?"

"Leta haitumake muntu na jembe," mwenzake akamjibu, akimaanisha serikali. "Huyu iko anajituma."

Nilijituma mpaka mgongo ukalia. Mashine ya kwanza ilitoka, kichwa cha chuma kimepinda. Ikafuata ya pili, kisha mbili kwa pamoja. Nilizipanga juu ya kile kitambaa cha maua, nikazifuta, nikasoma namba zake, nikalinganisha na mkataba. Zote nne zilikuwa zenyewe. Nilifurahi hata nikasahau kununa. Likabaki swali moja, nikaliuliza nikiwa bado nimesimama shimoni: moto ulitokana na nini?

"Kursirkwi!" kiongozi akajibu kabla sijamaliza.

"Kursirkwi," wote ishirini wakaitikia, yaani nyaya za umeme zimegusana.

Nyumba ile haikuwa na umeme. Ilikuwa na kibamba cha jua cha kuchajia simu, kilichofungwa na shemeji yake. Na mkataba wetu unakataa nyaya zilizofungwa na mtu asiye na cheti, mashemeji wakiwemo. Nikiandika kauli ile, faili limekufa.

"Muko hakika?"

"Kabisa, papa!"

"Hapana," akasema mama fundi. Alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa shimo. "Haikukuwa kursirkwi. Njo mi. Niliacha pasi ya makala juu ya nguo, nikaenda kununua ndagala. Nikasahau." Akawageukia wenzake. "Munisamehe, bamama. Siku hizi zote munanipikia bukari, munanifagilia, na mi nilinyamaza."

Akafumba macho, akingoja nimhukumu. Mimi nilitaka kumkumbatia. Kusahau pasi ya makaa! Bima ingekuwa ya watu wasiosahau, nani angeikata?

"Mama, kusahau tunalipaka," nikamwambia. Ilibidi niseme mara mbili. "Kuchoma kwa kusudi njo hatulipake. Lakini lazima nione ile pasi."

Akina mama wakatazamana. Kisha kiongozi akaninyang'anya jembe, akashuka shimoni na viatu vyake vya kanisani.

"Iko chini kabisa," alisema bila kumtazama mama fundi. "Njo tulitia ya kwanza."

"Mulijua?" mama fundi akauliza.

"Tuliikuta asubuhi ya kwanza, tukaificha papa asiione. Wewe unazani tungepiga salongo siku mbili, na mvua hii, juu ya majivu tu?"

Mama fundi akaketi palepale kwenye udongo, akalia kwa sauti. Wenzake wakamwacha alie, wakaendelea kuchimba.