Mama Usiguse na Mtungi

Mke wangu anaitwa Mama Usiguse, na jina hilo sikumpa mimi, ingawa mtaani wananisingizia. Alipewa na watoto wa shule waliokuwa wakiletwa makumbusho, maana ndilo neno pekee walilolisikia kwake tangu wanaingia mpaka wanatoka. Ni mlinzi wa vyumba vya ndani. Ameifanya kazi hiyo tangu tukiwa wachumba, na sare zake namshonea mimi, kwa kuwa mimi ni fundi cherehani na kwa kuwa hakuna fundi mwingine anayemvumilia wakati wa kupima.

Jengo lenyewe ni la zamani. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao ili jua lisiharibu vitu, na ngazi za mbele zilikuwa zimesimama wima, mtu anayeumwa magoti akizitazama tu anaendelea na safari zake. Watu wa mtaa walipita nje maisha yao yote bila kuingia. Ndipo akaja mkuu mpya, mama mpole asiyekubali kuambiwa haiwezekani, akasema jengo litatengenezwa upya liwafae wanaolizunguka. Mafundi wakazibua madirisha, wakatoboa ukuta wa upande wa barabara na kuweka mlango mpana, wakajenga njia ya mteremko kando ya ngazi. Hayo yote mke wangu aliyapokea vizuri. Kilichomnyima usingizi ni chumba cha mwisho, ambacho mkuu alikiita chumba cha kugusa.

"Wametoa kioo," aliniambia siku hiyo, hata viatu hajavua. "Mtungi mkubwa umewekwa wazi mezani. Kila anayeingia aushike."

"Si vizuri?"

"Vizuri kwa nani? Ukipasuka, zamu ni yangu."

Kuanzia hapo nyumbani hapakukalika. Nikishika kikombe, ananitazama mkono. Nikiweka sahani, anashtuka. Mkuu alikuwa ameshasema kwamba chumba kile ni cha majaribio, kikivunjika kitu vioo vitarudi. Mimi naona mke wangu alitamani virudi, ila hakuthubutu kulisema kwa sababu ya mdogo wake.

Mdogo wake anaishi nasi tangu macho yalipomzimika. Alikuwa msusi, tena msusi wa kupangiwa foleni. Siku hizi anashinda chumba cha nyuma na redio yake. Akinyanyuka kwenda jikoni, dada yake yuko nyuma: usiguse jiko, acha hicho kisu, utaungua, kaa mimi nitakuletea. Yote kwa mapenzi, sikatai. Lakini nimemwona shemeji yangu akipungua, na si mwili uliokuwa unapungua. Zamani alinitania kutwa kuhusu vidole vyangu vifupi, akishangaa vinashikaje sindano. Sasa nikimchokoza ananijibu "Ndiyo, shemeji," kama anaongea na daktari.

Mkuu ndiye aliyesema aletwe siku ya kufungua. Kwanza shemeji alikataa. "Niende makumbusho nikasomewe vibao?" Nikamwambia kuna vitu vya kushika. Akaniomba nimpunguzie gauni lake la bluu kiunoni, lisimpwaye mbele za watu. Hapo nikajua anataka kwenda, nami nikaanza kuogopa kuliko mke wangu. Mtu aliyejifungia vile, akitoka mara moja akaumizwa, hatoki tena.

Siku yenyewe watu walijaa. Mke wangu alikuwa kando ya mtungi, sare imenyooka, jasho linamtoka, akiusindikiza kwa macho kila mkono unaosogea. Mdomo ameubana. Alijikaza kweli, nampa haki yake. Nikamfikisha shemeji mezani, nikamwachia kiwiko. Akanyoosha mikono yote miwili, vidole vikitafuta hewani, na mkono wa kushoto ukapita karibu mno na ukingo wa mtungi.

"Usiguse," akasema mke wangu.

Hakupaza sauti. Lilimtoka kama chafya. Shemeji akairudisha mikono yake kifuani.

"Hata hapa, dada?"

Shemeji akageuka kunitafuta. "Nirudishe nyumbani, shemeji."

"Ngoja, mdogo wangu," mke wangu akasema. "Mdomo umezoea. Nisamehe."

"Basi niambie tu mtungi ukoje, twende zetu."

Mke wangu akautazama mtungi. "Ni mkubwa," akasema. "Mweusi upande mmoja." Akakwama. Miaka yote ile aliulinda na hakuwahi kuutia hata kidole, maana alikuwa akijikataza hata yeye. "Sijui," akasema mwishowe. "Sijawahi kuushika."

"Ushike, basi."

Akafuta kiganja kwenye sketi, akaushika. Nikahofia kwamba atakayeuangusha ni yeye. Akaupapasa ubavuni, akapanda juu, akaingiza vidole ndani ya mdomo wa mtungi, akatulia.

"Kuna alama za vidole humu ndani," akasema. "Za aliyeufinyanga. Lete mkono."

Akauchukua mkono wa mdogo wake, akauweka pale, kisha akauachia. Huko kuachia ndiko kulikomtesa, alikuwa hapumui. Shemeji aliuzunguka mtungi pole pole, akarudi kwenye zile alama, akalaza vidole vyake ndani yake kimoja kimoja.

"Huyu alikuwa na vidole vifupi," akasema. "Kama vya shemeji."

Watu wakacheka, na mimi nikageukia dirishani kwa sababu macho yalikuwa yamenijaa machozi.

Jioni tulikuwa sebuleni. Shemeji akainuka, akashika ukuta, akaelekea jikoni. "Nachemsha chai," akasema, wala hakuwa anaomba ruhusa.

Mke wangu aliinuka nusu. Nilimtazama tu. Akaketi tena, akaisukuma mikono yake chini ya mapaja na kuikalia. Tukasikia sufuria ikigonga, maji yakimiminwa, kisha kimya. Kiberiti kikakwaruzwa, kisiwake. Mke wangu akafumba macho na kuuma mdomo.

Kiberiti kikakwaruzwa tena.