Pampu ya Mwisho Dukani

Juzi, katika duka moja la Busia, ilibaki pampu moja ya kunyunyizia dawa shambani. Mzee mmoja alibishania bei, kisha akaondoka polepole, kama tufanyavyo wote, akingoja kuitwa. Kompyuta ya muuzaji ikalia. Hakuna aliyemwita. Mzee akarudi mwenyewe.

"Haya, lete."

"Imeuzwa, mzee. Kuna mama wa Tororo amelipa kwa simu saa hii."

"Si naiona pale?"

"Hata mimi naiona. Zamani, kabla kompyuta hii haijaunganishwa na duka la mtandaoni, ningewauzia nyote wawili, halafu mama anitukane."

Mzee akatoa simu, akalitafuta duka mtandaoni. Pampu: imeisha.

Muuzaji akainua mikono kama aliyefunga bao. "Duka na simu sasa vinasema kitu kimoja!"

Wenzangu wa kuondoka polepole, siku hizi mkitoka dukani, nendeni kabisa; kitu hakiwangoji.