Bosi alivyoifungia open source kabatini akaondoka na ufunguo

Wakuu, salaam. Hii siyo chai. Na kama ni chai, basi niliinywa mwenyewe, bila sukari, kwenye baridi ya Sumbawanga.

Ni miaka ile soko huria limeshika kasi. Ushirika ulishalala, kila kona kuna mradi wa wafadhili.

Mimi nilikuwa mtu wa kompyuta kwenye shirika moja, jina tuliache, lililokuwa linawagawia wakulima wa Ufipa mbegu na mbolea. Enzi hizo ukiweza kufungua printa na kuifunga bila kubakiza skrubu, wewe ni mtaalamu.

Wafadhili wakatuletea sidii yenye programu ya kutunza orodha za wakulima. Open source. Yaani unaitumia, unainakili, unairekebisha, ukitaka unampa na jirani, na hakuna wa kukuuliza.

Mkurugenzi wetu akaipokea kwa heshima zote. Ile sidii akaigonga muhuri, akaibandika namba ya mali ya shirika, akaifungia kwenye kabati la chuma ofisini kwake. Akatutangazia kuwa programu sasa iko salama.

Nikamwambia, "Mzee, hii kitu imetengenezwa igawiwe."

Akaniangalia kama nimependekeza tugawe gari lake.

Sasa, kabla haijaingia kabatini nilikuwa nimeshampa nakala dada Fausta, karani wa kituo chetu cha Mwimbi. Bosi aliposikia, nikala barua ya onyo kwa kugawa mali ya shirika bila kibali. Onyo la pili, kazi huna. Nina mke na mtoto mchanga pale Malangali. Nikanywea.

Dada Fausta naye akaamriwa arudishe programu. Akarudisha sidii kwenye bahasha, bosi akasaini kuwa programu imerudi makao makuu.

Wakuu, programu ilikuwa bado imo ndani ya kompyuta ya Mwimbi, inapiga kazi kama kawaida. Ila na onyo langu mfukoni, ningemweleza ili iweje?

Mvua za kwanza zikaja na radi. Kompyuta ya ofisi ikaungua.

Ya akiba ilikuwepo, lakini haina programu. Orodha za wakulima nilikuwa nazo kwenye disketi, lakini bila programu hazifunguki. Na stoo haitoi hata kilo moja ya mbegu bila orodha iliyochapwa.

Nikakimbilia kabati. Limefungwa. Ufunguo uko Dar na bosi, kwenye semina.

Semina ya nini? Ya namna ya kusimamia programu za open source kwenye mashirika. Sitanii.

Nikampigia simu. "Kabati lisiguswe," akasema. "Nikirudi wiki ijayo tutakaa kama menejimenti. Hapa naitwa, ni zamu yangu kuwasilisha mada."

Getini wakulima wamejaa. Nikamwamkia mama mmoja wa Kasense, shikamoo mama.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia taratibu. "Sasa hiyo kompyuta ndiyo inayopanda mahindi?"

Niliona aibu, aibu ya kweli. Ukichelewa kupanda kule, mwaka mzima unanunua unga na watoto wanakutazama.

Nikatia disketi ndani ya koti, nikapanda pikipiki ya ofisi hadi Mwimbi. Matope usiniulize.

Dada Fausta akanitazama nilivyolowa. "Kaka, umeshafukuzwa au ndo unaenda kufukuzwa?"

"Washa jenereta, dada. Hayo mengine baadaye."

Tukachapa orodha zote, ile printa ikilia kituo kizima. Kesho yake mbegu zikatoka, na yule mama wa Kasense nikamsaidia kufunga gunia lake kwenye baiskeli.

Bosi akarudi na cheti. Kwenye ripoti ya wafadhili akaandika kuwa shirika lina mkakati wa kuweka nakala za akiba vituoni, uliobuniwa na ofisi ya mkurugenzi. Wakampongeza sana.

Mimi nikapata onyo la pili, kwa kutoa disketi nje ya ofisi bila kibali, na kazi ikaishia hapo. Iliniuma, na sijui kama imeacha.

Nilichojifunza ni kwamba kuwa na open source ofisini ni kazi ndogo. Kazi ni kumpa mtu mmoja jukumu la kuitunza, kuweka nakala zaidi ya sehemu moja, na kuhakikisha bosi ameelewa ruhusa aliyopewa kabla hajanunua kufuli.

Siku ya kukabidhi ofisi bosi akanitaka nirudishe programu. Nikamwambia iko kabatini kwake. Akafungua, akaiona, akaridhika, akasaini kuwa sina tena programu ya shirika.

Ndiyo hiyo hiyo, kwa nakala ya kule Mwimbi, niliyokuja kuwawekea wenye maduka ya pembejeo mjini, nikawa nalipwa kwa kuihudumia. Mtoto kasomeshwa nayo.

Haya, tiririkeni. Ofisini kwenu ufunguo wa kabati anao nani?